Fahamu: Mkataba wa 1820 dhidi ya uharamia na pembe za ndovu za Karagwe

Ni mkataba gani?
Desemba 1819 Waingereza, wakisaidiwa na Said bin Sultan wa Oman, waliishambulia Ras al-Khaimah, ngome ya ukoo wa Waqasimi katika Ghuba ya Uajemi, waliotuhumiwa kuteka meli za biashara. Januari 1820 masheikh wa Ghuba wakaanza kutia saini: uharamia marufuku, vyombo vyao vipeperushe bendera nyekundu na nyeupe na kubeba hati. Kifungu cha 9 kiliwataja pia wanaopora watu pwani za Afrika na kuwasafirisha: hao nao ni maharamia.

Karagwe inaingiaje?
Baadaye Said, aliyewasaidia Waingereza, alihamishia makao yake Zanzibar, na biashara ya pembe ikatanuka hadi bara. Wafanyabiashara wa pwani walijenga kituo Kafuro, leo katika Wilaya ya Karagwe, karibu na Bweranyange, makao ya watawala wa ufalme wa Karagwe. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika mwaka 1861, njia ya kwenda Tabora, Bagamoyo na Zanzibar ilikwishazoeleka. Kutoka Zanzibar pembe nyingi zilivuka bahari hadi Bombay.

Nini kililindwa?
Shehena, kwanza kabisa. Oman haikufungwa na mkataba huo, na utumwa uliendelea Zanzibar kwa miongo mingi. Hilo ni doa lisilofutika.

Ubishi uliopo
Mwaka 1986 mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, alichapisha kitabu akidai tuhuma za uharamia dhidi ya Waqasimi zilikuzwa ili Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki itawale biashara.