Wauza mitumba Machochwe: Tazameni lebo kabla ya kushusha bei

MFANYABIASHARA wa mitumba anayepeleka mzigo Machochwe, wilayani Serengeti, mkoani Mara, anaweza kupata faida au kula mtaji kwa sababu ya vipande kumi tu vya robota. Hatari ni kwamba vipande hivyo huweza kuishia kwenye fungu la jioni, kwa bei ya kutupa.

Sababu ni soko lenyewe. Wakazi wengi wa Machochwe ni wakulima na wafugaji, na nguo huichagua kwa kazi yake: koti zito la baridi ya alfajiri, suruali isiyochanika upesi, sweta la mtoto. Jinzi iliyopauka, yenye umri wa miaka hamsini, haimvutii mnunuzi wa hapo. Lakini mpenzi wa mitindo ya zamani aliyeko Dar es Salaam au Nairobi huweza kuilipia mara kadhaa ya bei ya kijijini.

Hesabu ya mfano inaonyesha tofauti hiyo. Chukulia robota limenunuliwa kwa sh. 500,000, na nauli pamoja na ushuru wa soko ni sh. 60,000. Ndani yake mna vipande 200, na 40 vimechanika kiasi cha kutouzika. Vipande 20 vizuri vikiuzwa sh. 8,000 kila kimoja, vinaleta sh. 160,000. Vya kawaida 130 kwa sh. 2,000 vinaleta sh. 260,000. Vinabaki vipande 10 vya zamani.

Vikimwagwa kwenye fungu kwa sh. 2,000, mauzo yote yanafika sh. 440,000, hasara sh. 120,000. Vikitengwa na kuuzwa mjini kwa sh. 20,000 kila kimoja, mauzo yanafika sh. 620,000. Hata nauli ya kuvipeleka mjini ikila sh. 20,000, faida inabaki sh. 40,000. Robota ni lile lile. Kilichobadilika ni uchambuzi.

Uchambuzi huo hauhitaji elimu kubwa. Kwa jinzi za Levi's, kitazamwe kile kitambaa kidogo chekundu cha mfuko wa nyuma. Hadi mwaka 1971 jina liliandikwa kwa herufi kubwa zote. Baadaye herufi "e" ikawa ndogo. Kampuni hiyo ilifunga viwanda vyake vya mwisho vya kushona nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo lebo inayosema nguo imeshonwa Marekani nayo inastahili kusomwa mara mbili.

Kwa fulana, litazamwe pindo la mkono. Mstari mmoja wa uzi mara nyingi ni dalili ya fulana iliyoshonwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990. Aidha, Marekani ilianza mwaka 1972 kulazimisha nguo ziwe na maelekezo ya kufua. Nguo ya huko isiyo nayo huenda ni ya zamani zaidi, ingawa huenda pia lebo ilikatwa. Dalili moja haitoshi. Zikusanywe mbili au tatu.

Kwamba soko hili lipo duniani, ushahidi ni mnada wa Oktoba 2022 katika jimbo la New Mexico, Marekani. Jinzi ya Levi's ya miaka ya 1880, iliyopatikana kwenye mgodi uliotelekezwa, iliuzwa kwa dola 87,400 pamoja na kamisheni. Hakuna anayetarajia bei hiyo Machochwe, lakini inaeleza kwa nini wapo watu wanaopekua marundo kutwa nzima.

Mwekezaji mdogo asikimbilie. Wateja wa nguo za kale ni wachache, wanachagua sana, na bidhaa bandia zipo. Nguo inayongoja mteja miezi mitatu ni mtaji uliolala. Bei ya robota nayo huamuliwa mbali na gulio. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo mwaka 2019. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za biashara chini ya mpango wa AGOA, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo.

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia salama ni kuendelea na makoti na sweta, ambayo ndiyo yanayorudisha fedha siku hiyo hiyo, na kutenga vipande vya kale vichache kwa kila robota. Asiyeweza kumudu robota anaweza kununua kipande kimoja kimoja jioni, bei inaposhuka: huyo huona anachonunua, wakati mwenye robota lililofungwa hununua asichokiona.