Pikipiki kubwa ya safari: tuongeze nini, tuache nini?

Ninyi munaokaa Mongbwalu, Kilo, Nizi na Iga-Barrière munajua furaha ya baba wa familia siku anapopata feza kidogo. Anaingia nyumbani na kusema: "Hii pikipiki ndogo nitaiuzisha, ninunue ya nguvu." Mimi pia nilisema hivyo, hapa kwetu Bunia. Muke wangu alikuwa anatwanga sombe. Hakugeuka. Aliniuliza tu: "Papa, ya nguvu kwa kumubeba nani?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu ninaandika ukurasa huu.

Kwanza niwaelezee ile ya zamani. Ilikuwa Boxer ya 100, zile zinazotoka India. Ile 100 ni ukubwa wa motere kwa sentimeta kubi, watu wanasema "sese". Ilinipeleka Mongbwalu na kunirudisha, karibu kilometa 80 kila upande, na nikiwa peke yangu haikunisumbua hata kidogo. Lakini ni nani kwetu anayesafiri peke yake? Nyuma kuna mama, nyuma ya mama kuna bidoni ya mafuta ya ngazi, juu ya bidoni kuna mufuko wa maharagi. Bidoni ya litre 20 peke yake ni kilo 18. Basi fundi mumoja akanishauri turefushe portbagaji. Alikata vyuma, akaviunganisha kwa moto, akapaka rangi nyeusi. Nililipa, nikafurahi, nikajiona nimepata gari.

Nyuma ya miezi mitatu tulikuwa tunashuka Kasenyi. Anayejua njia ile anajua: Bunia iko juu, zaidi ya metre 1,200, na ziwa Albert liko kwenye metre 620 hivi. Ukipita Bogoro, inchi inaanguka mbele yako. Tuliingia katika shimo, si kubwa, nikasikia kitu kimelia kama fimbo iliyovunjika. Kile chuma kilipasuka, si pahali palipounganishwa, ni pembeni kidogo. Muzigo ulikwenda chini na muke wangu pamoja nao. Alivunjika kifundo cha mukono wa kuume. Alitibiwa, akapona, lakini mpaka leo hawezi kukamua blanketi.

Kwa muda murefu nilisema: ni kwa sababu pikipiki ilikuwa ndogo. Hapana. Tungekuwa na kubwa, tungeanguka vilevile, labda kwa mbio zaidi.

Sikilizeni ginsi mambo yanavyokwenda. Muzigo ukiwa katikati ya magurudumu mawili, yote mawili yanaubeba. Ukiupeleka nyuma kupita gurudumu la nyuma, unakuwa kama mutoto mukubwa aliyeketi kwenye mwisho wa ubao: upande mwingine unainuka. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Na lile ndilo linaloongoza, na freni yake ndiyo yenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu ukifunga freni uzito wote unakimbilia mbele. Ikiwa gurudumu halikandamizi udongo, freni yake ni bure. Tena moto wa fundi unageuza chuma. Vile vyuma vya nyuma vya pikipiki ni bomba nyembamba. Pembeni ya pahali palipoungwa panakuwa pagumu lakini panakatika upesi, na kila shimo linafungua ufa kidogo kidogo. Jicho halioni, hasa kukiwa na rangi mupya juu.

Ipi basi?

Vijana wa zahabu, wakiuzisha tola yao (gramu 11.66, kwa wale wasiojua), wanaota pikipiki kubwa za kwenye picha. Ni nzuri, sikatai. Wazungu wanaozunguka dunia wanapenda BMW R 1250 GS: motere sese 1,254, na uzito wa karibu kilo 249 ikijaa esansi. Kwenye lami ni kiti cha mufalme. Lakini ifikirie imelala katika matope kati ya Komanda na Mambasa, mvua inanyesha, nawe uko na muke na mutoto. Nani ataiinua? Boxer ni karibu nusu ya uzito huo. Watu wawili wanaibeba, ninajua kwa sababu tumeibeba.

Kuna zile Yamaha za misioni na za miradi ya afya, AG na DT. AG ilitengenezwa kwa wakulima na wachungaji wa ng'ombe wa Australia na New Zealand, na inaonekana: shene yake imefungwa ndani ya sanduku, matope hayaigusi, na portbagaji za mbele na za nyuma zinatoka nayo kiwandani. AG 200, sese 196, ndiyo ningeichagua kama bei ingekuwa ileile na vipuri vingekuwa karibu. Lakini utavipata wapi? Ukivunja kitu utangoja mutu anayetoka Kampala. DT 125 inaruka vizuri juu ya mashimo, lakini motere yake inachoma mafuta pamoja na esansi. Kwenye mushuko murefu, ukifunga gazi, mafuta yanayoingia yanapungua, na motere yenyewe haikushiki sana. Kazi yote inabaki kwa freni. Kwa njia ya Kasenyi sikuipenda.

Kisha kuna jambo lingine, nitalitaja kwa ufupi kwa sababu munalijua kuliko mimi. Tangu Mei 2021, Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mbele ya hapo njia zetu zilikuwa zimekwisha kuwa na shida. Pikipiki inayong'aa, inayosikika toka mbali, inamwambia kila mutu njiani kwamba mwenyewe ana feza. Sitaki kusema hivyo mbele ya vijana wangu wa Mongbwalu, watacheka, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo tulinunua Boxer ya 150. Si ndoto. Lakini inavuta vizuri kwa mwendo mudogo, ambao ndio mwendo wetu, na kwenye kila njia panda kuna kijana mwenye buji, shambreri na shene yake.

Feza iliyobaki

Hapa ndipo mimi na muke wangu tulibishana zaidi, na kusema kweli yeye alishinda karibu kila mara.

Mimi nilitaka taa kubwa mbili za mbele. Yeye alitaka pine. Pine zinazokuja na pikipiki ni za lami. Kwenye udongo mwekundu uliolowa zinajaa matope na kuwa kama sabuni. Tulifunga za meno makubwa, mbele na nyuma. Zinalia kwenye lami, zinakwisha upesi, na kwenye lami yenye maji zinateleza. Kwa hiyo mutu asiyetoka mujini asizinunue.

Pili, tuligeuza kigurudumu kidogo cha meno kinachovuta shene, kile cha mbele. Ni mageuzi ya bei ndogo kuliko yote, na wengi hawayajui. Ikiwa chako kina meno 14 ukaweka cha meno 13, motere itapanda mulima bila kulia, na mbio itapungua kwa sehemu 7 hivi katika 100. Mimi sijajuta kwa mbio hiyo iliyopotea. Ukienda mara mbili ya mbio, utahitaji mara nne ya umbali ili freni ikusimamishe. Hesabu hiyo haimuhurumii mutu yeyote.

Tulifunga vyuma vya kukinga miguu, kwa bolu, si kwa moto. Portbagaji ni ile ya kiwanda, fupi kama ilivyo. Muzigo mudogo tunautia katika sakoshi mbili za turubai zinazoning'inia pembeni, chini, mbele ya katikati ya gurudumu la nyuma. Bidoni haipandi tena.

Na hapa ninaomba mama zetu wasikilize, hata kama baba anasoma kwa haraka. Huko India wanawake wanavaa sari na kuketi upande mumoja, kama mama zetu wenye vikwembe. Nguo inashikwa na gurudumu au na shene, inamuvuta mutu chini, na wengine wanakufa. Kwa hiyo kanuni za magari za India za 1989 zinaamuru pikipiki iwe na kitu cha kukinga nguo, kinachofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, na tena iwe na pa kushika na pa kukanyaga kwa anayebebwa. Hapa kwetu nimeona vijana wakifungua kile chuma na kukitupa, eti kinafanya pikipiki ionekane ya kizee. Yetu ilifika bila hicho. Fundi alitutengenezea kimoja cha vyuma vyembamba, akakifunga kwa bolu mbili na akabakiza kifuniko cha shene mahali pake. Bei yake haikufika bei ya kuku.

Kaske tulinunua mbili. Nilifikiri moja inatosha, kwa sababu ndiyo wakubwa wa barabarani wanayoangalia. Muke wangu akasema: "Kwani mimi nina kichwa cha bidoni?" Uchunguzi mukubwa uliokusanya kazi za wataalamu wengi, uliotolewa 2008, ulionyesha kwamba kaske inapunguza kufa kwa sehemu 42 katika 100, na kuumia kichwa kwa sehemu 69. Lakini ifungwe chini ya kidevu. Ile inayokaa juu kama chungu inaruka mbele yako wakati wa kuanguka.

Mengine tuliyakataa. Kutoboa eshapma kunaongeza kelele tu. Kuondoa filtre ya hewa ili motere "ipumue", kama motari mumoja alivyonishauri, ni kuiingizia vumbi la Ituri tumboni. Utailipa mwaka haujakwisha. Kupandisha amortisere za nyuma kwa vipande vya chuma ni kurudia kosa langu la kwanza kwa njia nyingine. Na freni tuliziacha kama zilivyo, ila nilijifunza jambo moja: nikitoka katika maji ya kivuko ninaenda polepole huku nimezikanyaga kidogo, mpaka zikauke na kushika tena.

Mama watoto alipanda mara ya kwanza siku ya posho. Tulikwenda mpaka Iga-Barrière tu. Njia yote alishika kile chuma cha nyuma kwa mukono wa kushoto, na ule wa kuume aliuweka juu ya goti. Siku ya kwanza iliyofuata tukaendelea mpaka Mongbwalu. Maharagi na mafuta ya ngazi yalipanda kamio, tukayalipia nauli, yakafika nyuma ya siku mbili.