Viza Imefutwa, Kibali Kimebaki

Wanafunzi wetu kutoka Ulaya hutuuliza kama ni kweli Kenya imefuta viza. Ni kweli, ilifutwa Januari 2024. Hata hivyo, kusamehewa viza si kusamehewa ruhusa. Mgeni huomba kibali cha kusafiri kwenye mtandao, hulipa ada, na sharti akipate kabla ya safari. Inashauriwa aombe angalau siku 3 mapema. Raia wa Uganda na Rwanda hawakihitaji. Kwa hiyo darasa letu likienda Mombasa kwa basi, Mganda atavuka Busia kwa kitambulisho chake cha taifa, ilhali Mjerumani asiye na kibali huenda akazuiwa mpakani. Tunawasihi mwakumbushe wenzenu mapema, ili tufike pwani sote.