Fahamu: Kwa nini uchunge kasi ya pampu katika kompyuta inayopozwa kwa maji

Umenunua kompyuta ya kuhariri video Moi Avenue, katikati ya Nairobi, ukaifikisha salama Kilimani au Lavington. Kabla ya kuipa kazi nzito, jua pampu yake inazunguka kwa kasi gani.

Pampu hufanya nini?
Husukuma maji juu ya prosesa yabebe joto hadi kwenye rejeta, ambako feni hulitoa nje. Baridi ya Julai isikudanganye: pampu ikisimama, maji hayatembei, na prosesa hupata moto haraka. Ikizidiwa hujipunguzia kasi, kisha mashine huzima.

Kasi hupimwaje?
Kihisi ndani ya pampu hutambua sumaku ya mota inavyopita na kutuma mapigo, kwa kawaida mawili kwa kila mzunguko. Mapigo 100 kwa sekunde ni mizunguko 50, yaani 3,000 kwa dakika.

Utaiona wapi?
Kompyuta inapowaka, bonyeza Delete au F2 kufungua mipangilio yake, kisha utafute mstari wa pampu. Andika namba hiyo mahali. Ndiyo kipimo chako cha kesho.

Namba inasema nini?
Ikitulia, shwari. Ikirukaruka, huenda kuna hewa ndani ya mfumo au pampu imechoka. Ikisoma 0, angalia kwanza kama waya wa kihisi umechomoka. Waya ukiwa sawa na joto linapanda, zima mara moja. Pampu hununuliwa tena. Prosesa ikiungua, gharama ni nyingine kabisa.