Fundi Amekula Pesa, Kazi Imesimama: Ufanye Nini?

Umemtumia fundi shilingi 30,000 akutengenezee jikoni. Amebomoa ukuta, sasa hashiki simu. Tunaelewa unataka turudishe hiyo pesa, lakini huduma hiyo ni ya pesa iliyotumwa kwa nambari isiyo sahihi, si ya kazi iliyokwama.

Usifute SMS za malipo. Zinaonyesha jina, tarehe, kiasi na nambari ya muamala. Pamoja na makubaliano yenu na picha za kazi, ni ushahidi katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Si lazima uwe na wakili.

Wakati mwingine, lipia vifaa mwenyewe dukani. Fundi naye mlipe kidogo kidogo, kila hatua ikiisha na umeikagua.