Jeshi la lazima? Tuanze na wanaorudishwa kwenye foleni

Tangu nihamie Kitengela kutoka Mombasa, kila vijana wakizua vurugu nasikia dawa ile ile: wapelekwe wote jeshini, watanyooka. Kwetu Pwani pia husemwa. Mimi siungi mkono.

Kenya haina sheria ya kumlazimisha kijana kuingia jeshini. KDF huchukua wanaojitolea, na makurutu wa kawaida wawe na miaka 18 hadi 26. Siku ya usajili hapa Kajiado, kama Kilifi au Kwale, vijana hupanga foleni asubuhi mapema, wakakimbizwa, wakakaguliwa meno na nyayo, na wengi wakarudishwa nyumbani. Usajili ni bure, lakini KDF yenyewe huonya kuhusu matapeli wanaouza barua bandia za kuitwa mafunzoni. Mtu hatoi hongo aingie mahali anapopakimbia. Sasa huyo wa kulazimishwa ni nani?

Kulazimisha tulishajaribu. Mwaka 1984 serikali ya Moi ilianza kuwapeleka NYS waliofaulu kuingia chuo kikuu, wapate nidhamu kwanza. NYS si jeshi kamili, ila sare na gwaride zipo. Gwaride walipiga, na bado Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa ghasia 1985, kikafungwa tena 1987. Mpango ukaja ukaachwa. Jirani zetu Tanzania, wanafunzi waliandamana Oktoba 1966 kupinga JKT ya lazima, na Nyerere akawafukuza karibu 400. Lazima hiyo ilisitishwa 1994, ikarudi 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita.

Faida moja naikubali: Mmaasai, Mgiriama na Mluo kulala bweni moja si jambo dogo. Lakini sare inahitaji kuaminiwa kwanza. Juni 2024 wanajeshi waliletwa barabarani wakati wa maandamano. Agosti wanaharakati watatu wakatekwa hapa Kitengela, wakaonekana tena Septemba. Kijana aliyeyaona hayo ukimwambia kambi ni lazima, atakusikiaje?

Kama kuna pesa za kulisha kila kijana kambini, ziongeze kwanza nafasi za NYS kwa wanaoomba wakakosa. Na majina ya waliochukuliwa na KDF yabandikwe uwanjani jioni hiyo hiyo, kila mzazi ayasome.