Sura ya Sita: Wafuasi na Wanajumuiya

Ukurasa wa Instagram unaweza kuwa na wafuasi laki tano na usiwe na jumuiya. Kundi la WhatsApp la watu 32 wanaocheza upatu ni jumuiya, hata kama nje ya hao 32 hakuna anayejua kuwa lipo. Mfuasi humtazama mwenye ukurasa. Mwanajumuiya ana shughuli na mwenzake. Mwenye ukurasa akinyamaza mwezi mzima, wafuasi hutawanyika bila kuagana, maana hawakuwahi kujuana. Kijumbe wa upatu akinyamaza siku mbili, simu huanza kuita.

Mwaka 2001 wasomi wawili wa Marekani, Albert Muñiz na Thomas O'Guinn, walichapisha utafiti kuhusu watu waliofungamanishwa na bidhaa: wenye magari ya Saab na Ford Bronco, na watumiaji wa kompyuta za Macintosh. Waliona alama tatu za jumuiya ya namna hiyo. Ya kwanza ni watu kujiona wamoja, tofauti na wale wengine. Ya pili ni desturi zao wenyewe, kama madereva wa Saab waliosalimiana barabarani kwa kuwashiana taa. Ya tatu ni wajibu wa kusaidiana. Kampuni nyingi huishia kwenye alama ya kwanza: zinagawa fulana, zinabuni jina la kuwaita wateja, kisha zinashangaa kwa nini hakuna anayemsaidia mwenzake.

Afrika Mashariki alama zote tatu zilikuwapo kabla ya simu ya kwanza ya mkononi: upatu wa Tanzania, chama cha Kenya, kamati ya harusi, kikundi cha kuzikana. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilikuta nyumba imejengwa ikaongeza mlango. Kwa hiyo anayetaka kuelewa jumuiya za mtandaoni katika ukanda huu ataelewa zaidi akiitazama kamati ya harusi kuliko akisoma vitabu vingi vya masoko.

Kamati ya harusi ya Tanzania huanza kwa kundi linalofunguliwa miezi kadhaa kabla ya sherehe. Wanaoingizwa hawafahamiani: wapo shangazi wa Moshi, wafanyakazi wenza wa bwana harusi, waliosoma na bibi harusi, majirani wa zamani. Kinachowaunganisha ni orodha. Kila jina lina namba, kiasi kilichoahidiwa, kilicholipwa na kilichobaki. Anayelipa hutuma ujumbe wa muamala, mweka hazina huandika upya mstari wake, na orodha nzima hurudishwa kundini. Hakuna anayetajwa kuwa mdaiwa, ila kila mmoja anaona sufuri iliyo mbele ya jina lake ikipanda na kushuka skrini mara kumi kwa wiki. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kadi ya mchango na kikao cha Jumapili, na aliyetaka kukwepa alikwepa kwa kutofika kikaoni.

Orodha hiyo isingekuwa na nguvu bila pesa za simu. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Ahadi inayotolewa saa mbili usiku inaweza kutimizwa saa mbili na dakika tano, aliyeahidi akiwa bado sebuleni kwake. Zana mbili tofauti, moja ya kuongea na moja ya kulipa, zilikutana ndani ya kifaa kimoja, na hapo ndipo wajibu ulipopata miguu. Vivyo hivyo kwa Wakenya na Watanzania walio Ulaya au Marekani wanapochangishana kumsafirisha marehemu nyumbani.

Ukubwa wa kundi nao una athari zake. WhatsApp iliruhusu wanachama 256 mwaka 2016, na kufikia mwisho wa mwaka 2022 ikaruhusu 1,024. Nafasi imeongezeka, mshikamano haukuongezeka nayo. Katika kundi la watu 40, kimya cha mmoja kinaonekana na mtu humpigia kuuliza kama ni mzima. Katika kundi la watu 900 mtu anaweza kufariki na jina lake likabaki pale mwaka mzima.

Kimya chenyewe si dosari. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara chache, na mmoja ndiye mwenye kuandika sehemu kubwa. Hiyo ni kanuni ya kukadiria, na kamati ya harusi inaonyesha inapoishia, kwa sababu humo asiyeandika neno mara nyingi ndiye aliyelipa wa kwanza. Kuhesabu ujumbe hakutoshi kupima uhai wa kundi.

Anayelishikilia kundi ni admini, kazi isiyo na mshahara na yenye lawama nyingi. Kanuni zake hufanana karibu kila mahali: siasa na dini marufuku, biashara kwa ruhusa, picha za utupu mtu anatolewa. Ugumu hauko hapo, uko kwa mzee anayeheshimiwa anayetuma maua ya "habari za asubuhi" kila siku na tiba za kitunguu saumu kila jioni. Hakuna admini anayemtoa baba mkwe. Januari 2019 WhatsApp ilizuia mtu kusambaza ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, ili kupunguza uvumi. Kwa maadmini wengi huo ulikuwa msaada ambao wao wasingethubutu kuutoa.

Biashara zinapojaribu kujenga jumuiya, kosa la kawaida ni kuwakusanya wateja kundini kisha kuwatumia bei. Hilo ni bango la matangazo, na watu hujitoa kimyakimya. Kampuni ya LEGO ilichukua njia nyingine. Mradi wake ulioanzia Japani mwaka 2008, na baadaye kuitwa LEGO Ideas, humruhusu mpenzi wa matofali hayo kuweka ubunifu wake mbele ya wenzake. Ukipata kura 10,000 kampuni huutathmini. Ukichaguliwa kutengenezwa, mbunifu hulipwa asilimia 1 ya mauzo halisi. Wapenzi wana sababu ya kutazamana, na mwenye chapa amekubali kuamuliwa jambo na wateja.

Klabu za soka za Tanzania, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, hazikuhitaji somo hilo. Matawi ya mashabiki yalikuwapo mitaani zamani, yakiwa na viongozi na daftari la michango. Mtandao ulipokuja, tawi lilihamia kundini likiwa na mwenyekiti wake. Zaidi ya hapo kuna utani wa jadi: nusu ya anachoandika shabiki wa Simba kinaihusu Yanga, na kinyume chake. Chapa yenye mpinzani wa kudumu hupata alama ya kwanza ya Muñiz na O'Guinn bure.

Upo pia mkusanyiko usio na admini wala orodha. Julai 2015, siku chache kabla ya ziara ya Rais Obama, CNN iliielezea Kenya kama kitovu cha ugaidi, na Wakenya kwenye Twitter wakaijibu kwa #SomeoneTellCNN kwa hasira na vichekesho hadi mmoja wa wakuu wa kituo hicho akasafiri kwenda Nairobi kuomba radhi. Umati huo una jina lake, KOT (Kenyans on Twitter), na mtindo wake wa kejeli. Hauna mweka hazina, hivyo ukishinda hutawanyika hadi mchokozi mwingine ajitokeze.

Kamati ya harusi, kwa upande wake, ina namna rasmi ya kufa. Baada ya sherehe wajumbe hukutana kula na kunywa kilichosalia, hesabu husomwa, na hilo huitwa kuvunja kamati. Kundini, baadhi hujitoa usiku huohuo kwa neno la shukrani. Wengine husahau. Baada ya miezi mitatu kundi linalala na picha za keki zikiwa ujumbe wa mwisho, mpaka asubuhi moja admini anapobadilisha jina la kundi, anaandika kwamba baba wa bibi harusi yuko hospitali, na anabandika orodha mpya yenye namba moja hadi sitini.